Diski inaonyesha makosa: nibadilishe au bado inafaa?

Swali

Shikamoo mtaalamu. Niko Kirumba, Mwanza. Natunza hesabu za kikundi chetu cha wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni, na pembeni nina steshenari ndogo. Kompyuta yangu ya mezani ina diski (hard disk) ya Seagate ya TB 1. Majuzi umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuhifadhi kazi, na tangu hapo kompyuta inaganda kila nikifungua folda ya mwaka jana. Kijana mmoja aliniwekea CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, ikatoa rangi ya njano na neno Caution. Mstari wa C5 una 8, C6 una 8, 05 una 0. Mstari wa 01 una namba ndefu ya kutisha. Fundi wa kwanza anasema diski imekufa, unyevu wa ziwa umeila, ninunue nyingine leo leo. Wa pili aliendesha chkdsk, kikaguzi cha diski cha Windows, usiku kucha, asubuhi akasema imepona, niendelee tu. Nina pia diski ya nje, ilitolewa kwenye laptopu ya zamani ikawekwa kwenye kasha la USB. Mume wangu huenda nayo Nansio, kisiwani Ukerewe. Hiyo mstari wa C7 umeandika 584, na mara nyingine inajitoa yenyewe katikati ya kunakili. Nimwamini nani? Hela ya diski mbili kwa mpigo sina.

Jibu

Marahaba, dada. Mafundi wako wote wawili wameangalia rangi, hakuna aliyeuliza namba zinafanya nini. Kwa kifupi: diski ya mezani usiitupe leo, lakini kuanzia leo isiwe mahali pekee hesabu za kikundi zinapokaa. Ile ya Nansio, kwa ulivyoieleza, huenda haina ubaya wowote. Ninachokishuku ni kasha lake. Hela ya diski moja inakutosha.

Kabla ya kupima chochote, nakili. Nasisitiza huu mpangilio kwa sababu watu wengi huanza na kipimo, na kipimo kamili huisomesha diski yote mwanzo hadi mwisho. Kama kweli inakaribia kufa, muda huo ndio ungeutumia kuokoa kazi. Anza na vitu vidogo vyenye thamani: mafaili ya hesabu, orodha ya madeni, daftari la michango, risiti ulizoskani. Flashi ya GB 32 itavimeza vyote na nafasi ibaki. Picha na nyimbo zitafuata baadaye. Tumia kunakili, usikate na kubandika, maana kompyuta ikiganda katikati hutajua kipi kimehama na kipi kimebaki. Folda ya mwaka jana, ile inayogandisha, iache iwe ya mwisho kabisa. Ukifika kwenye faili linalokwama, liruke na uandike jina lake kwenye karatasi. Hilo jina litatusaidia.

Sasa tuje kwenye namba zako, na C5 ndiyo yenye habari.

Uso wa diski umegawanywa katika vipande vinavyoitwa sekta. Kila sekta inabeba data pamoja na msimbo wa kuhakiki, ili diski ikisoma ijue kama ilichosoma ndicho kilichoandikwa. Msimbo usipolingana na data, na makosa yakawa mengi kuliko unavyoweza kuyasahihisha, diski hairudishi jibu la uongo. Inarudia kusoma, tena na tena. Diski za kompyuta za nyumbani zinaweza kung'ang'ania sekta moja kwa sekunde nyingi, hata dakika, na huko ndiko kuganda unakokuona. Diski za seva hupangwa zikate tamaa mapema, kama sekunde 7 hivi, kwa sababu kule kuna diski nyingine yenye nakala ya data hiyo hiyo.

Ikishindwa kabisa, diski inaiandika sekta hiyo kwenye orodha ya zinazoshukiwa. Hiyo ndiyo C5. Bado haijaikataa. Inasubiri siku kompyuta itakapoandika kitu kipya mahali pale pale. Siku hiyo ikifika, diski inaandika na kuangalia kama data imekaa. Ikikaa vizuri, sekta inatolewa kwenye orodha, C5 inashuka, na 05 haiguswi. Isipokaa, diski inaiacha sekta hiyo moja kwa moja na kutumia moja ya sekta za akiba ilizotoka nazo kiwandani, na hapo ndipo 05 inapopanda. Kwa hiyo C5 ni za kushukiwa, 05 ni zilizokwisha kubadilishwa. C6 ni zile ambazo diski ilishindwa kuzisoma ilipokuwa ikijikagua yenyewe. Mara nyingi hufuatana na C5, ila huweza kuchelewa kushuka mpaka diski ijikague tena.

Una 8 kwenye C5. Namba hiyo inanipa matumaini kidogo, na nitakueleza kwa nini. Diski za miaka hii zina sekta za baiti 4,096, lakini kwa kompyuta hujitambulisha kana kwamba kila moja ni sekta nane za baiti 512. Sehemu moja tu ikiharibika, baadhi ya diski huihesabu kama nane. Inawezekana kabisa kwamba diski yako nzima ina doa moja. Na doa hilo umelipata lini? Umeme ulipokatika ukiwa unahifadhi. Kichwa cha kuandikia kikikosa umeme katikati ya sekta, nusu inabaki mpya, nusu ya zamani, na msimbo haulingani tena na data. Uso wa diski mzima kabisa, ila maandishi yake yamevurugika. Makosa ya aina hii nayaona sana kwa wateja wanaotumia kompyuta za mezani bila UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika), kuanzia Igoma hadi Nyegezi.

Lakini 8 hiyo hiyo inaweza kutoka kwenye mkwaruzo halisi, au kwenye diski iliyogongwa ikiwa inazunguka, au kwenye uzee. Kwa nje zinafanana. Mwenye kukwambia kwa kuangalia tu kwamba ni hii au ni ile anabahatisha, na hapo ndipo mafundi wako wamekosea, kila mmoja kwa upande wake.

Fundi wa kwanza ana hoja yenye nguvu, ingawa sidhani kama anaijua. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walichapisha uchunguzi wao wa diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishapata kosa la kwanza la kujikagua, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 zinazofuata ni mara 39 ya ule wa diski zisizo na kosa. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayohifadhi data za watu kwa diski nyingi mno na kutangaza takwimu zake, nayo huangalia mistari mitano: 05, BB, BC (maombi ambayo diski haikuyajibu kwa wakati), C5 na C6. Walieleza kwamba BB, ambayo huhesabu makosa yaliyoshindikana kusahihishwa na kuripotiwa kwa kompyuta, ikishatoka kwenye 0 wao huipanga diski hiyo ibadilishwe. Kwenye hesabu zao za 2016, karibu asilimia 77 ya diski zilizokufa zilikuwa zimeonyesha namba juu ya 0 kwenye angalau mmoja wa mistari hiyo mitano. Katika diski zilizokuwa bado zinafanya kazi, zenye alama kama hizo zilikuwa takriban asilimia 4 tu.

Kwa hiyo onyo ni onyo. Ila wale wana maghala ya diski na nakala ya kila kitu, kubadilisha moja kwao ni kazi ya dakika chache. Wewe una diski moja na bajeti ya kikundi. Takwimu zao zinakwambia uache kuiamini diski hiyo peke yake. Hazikwambii hii moja yako itakufa.

Kinachoamua ni mwendo wa namba. Watu wa ziwani wanalijua hili: mtumbwi wenye ufa ulioshindiliwa pamba tangu mwaka juzi unakwenda na kurudi, ila ule ambao kila ukikumba maji yanaongezeka hata kama ni kikombe kimoja, huupeleki Ukerewe. Diski yenye 05 ya 40 ambayo haijasogea kwa muda mrefu naiogopa kidogo kuliko yenye C5 iliyokuwa 8 Jumatatu, 16 Jumatano na 40 Ijumaa. Hiyo ya pili hata chai usimalizie, chomoa.

Kwa sababu hiyo, leo hii andika kwenye daftari, pamoja na tarehe: 05, BB, BC, C5, C6, C7 na 0A. Hiyo ya mwisho huhesabu mara ambazo diski ilishindwa kuanza kuzunguka ikalazimika kujaribu tena. Ikiwa juu ya 0 na inapanda, tatizo ni mota au umeme unaoifikia, na ikishakuwa mota hakuna dawa ya nyumbani. Jihadhari na kitu kimoja ukiandika: CrystalDiskInfo kwa kawaida huonyesha namba ghafi kwa mfumo wa kumi na sita, ule unaohesabu 0 hadi 9 kisha A hadi F. 8 ni 8, lakini 10 ya pale ni 16 ya kwetu, na ile 584 ya diski ya nje ni 1,412. Unaweza kuibadilisha kwenye menyu ya Function, ndani ya Advanced Feature, kwenye Raw Values, ukachagua 10 [DEC].

Mstari wa 01 usiuangalie tena. Kwenye diski za Seagate namba ndefu za mistari ya 01, 07 na C3 hazihesabu makosa matupu. Ndani yake kuna hesabu ya kazi yote ambayo diski imefanya, ndiyo maana diski mpya kabisa nayo huonyesha namba za kutisha. Nimeona watu wakiuziwa diski kwa kuonyeshwa mstari huo mmoja tu.

Na rangi? Njano ya CrystalDiskInfo hutokea pale tu 05, C5 au C6 inapotoka kwenye 0. Haipimi ukali. Buluu, rangi inayomaanisha diski ni nzuri, nayo isikulaze usingizi: katika uchunguzi ule wa Google, zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye vipimo hivi. Na diski inaposema yenyewe kwamba iko salama, maana yake ni kwamba haijavuka kikomo alichoweka mtengenezaji, na watengenezaji huweka kikomo mbali sana. Lakini ikisema yenyewe kwamba inakufa, iamini mara moja.

Fundi wa pili sasa. Huyu kazi aliyoifanya ni halali lakini maneno aliyoyasema si kweli. chkdsk ikiendeshwa na /r hupitia diski yote, ikikuta sehemu isiyosomeka inajaribu kuokoa kinachosomeka, kisha inaandika kwenye orodha ya Windows kwamba sehemu hiyo isitumike tena. Imeizungushia uzio, haijaiponya. Kwa kuwa sehemu hiyo haitaandikwa tena, diski haipati nafasi ya kuamua kama sekta ni nzima au mbovu, na C5 inabaki 8 milele. Umeona bado iko 8? Ndiyo sababu. Isitoshe, kuendesha kitu kizito hivyo kabla ya kunakili ni kuhatarisha mali. Vipande ilivyookota huvitupa kwenye folda iliyofichwa inayoitwa found.000, vikiwa na majina yasiyo na maana. Ukikuta faili lako la mwaka jana limepotea, chungulia humo kabla ya kulia.

Ukishamaliza kunakili, na ukahakikisha nakala inafunguka kwenye kompyuta nyingine (usiamini tu kwamba imeandika imekamilika), ndipo upime. Njia ya kwanza haigusi data yako. Pakua SeaTools, programu ya bure ya Seagate wenyewe, uendeshe kipimo kirefu. Kwa TB 1 tenga saa mbili hadi tatu au zaidi. Zima usingizi wa kompyuta, na fanya siku ambayo umeme umetulia, maana ukikatika unaanza upya. Kikipita na C5 haijapanda, vizuri. Kikikwama, tayari ulijua kuna doa, kwa hiyo usistuke. Angalia tu kama C5 imebaki 8 au imeongezeka. Kuongezeka wakati wa kusoma peke yake ni dalili mbaya kuliko kukwama.

Njia ya pili ndiyo inayotoa hukumu, nayo inafuta kila kitu. Itoe diski, iunganishe kama diski ya pili kwenye kompyuta nyingine, kisha uifomati yote, na uondoe alama ya Quick Format. Tangu Windows Vista, kufomati kamili huandika sifuri kwenye kila sekta ya sehemu unayoifomati. Hapo diski inalazimika kuamua. Baada ya hapo soma namba zako upya na ulinganishe na daftari.

C5 ikishuka hadi 0 na 05 ikabaki 0, lilikuwa ni doa la umeme. Diski ni nzima, ninairudisha kazini bila wasiwasi mkubwa, ingawa nitaiangalia kila wiki kwa mwezi mmoja au miwili. C5 ikishuka hadi 0 lakini 05 ikapanda kidogo, ikawa 1 au 8, uso wake una jeraha dogo lililofungwa. Naipa kazi nyepesi, ya kubeba nakala ya pili au mafaili ya steshenari yanayoweza kupotea bila kesi, na nafuatilia. C5 ikirudi tena siku chache baada ya kuandika kila kitu upya, au 05 ikiendelea kupanda, au BB ikaanza kuhesabu, ibadilishe. Usiendelee kuifomati ukitarajia namba nzuri zaidi. Kuna mafundi hufanya hivyo wakauza diski ikiwa ya buluu, na mnunuzi anakutana na njano wiki ya pili.

Sauti haihitaji hata kipimo. Diski inayopiga tik, tik, tik kwa mpangilio kisha inatulia na kuanza tena, kichwa chake kinatafuta njia na hakiipati. Izime. Kila dakika ya kuiwasha inaweza kuwa inakwangua data. Kama data yake haina nakala na ina thamani, ipelekwe kwa wenye vifaa vya kufungua diski mahali pasipo na vumbi, na mtu asikwambie aifungue mezani kwake ili aone. Habari ya kuiweka kwenye friji utaisikia pia. Achana nayo, mvuke ukigeuka matone juu ya sahani utamalizia kilichobaki.

Unyevu wa ziwa haukuila diski yako. Diski hutengenezwa kuvumilia unyevu wa hewa hadi karibu asilimia 90, mradi usigeuke maji, na hewa inayoingia ndani hupitia chujio. Unachoweza kulaumu hapo Kirumba ni kutu kwenye vichwa vya waya, na zaidi ya hapo vumbi na unga wa wino wa fotokopi unaoziba feni. Joto la diski liko juu kabisa kwenye dirisha la CrystalDiskInfo. Likiwa chini ya nyuzi 45 usijali, likikaribia 60 safisha feni na usogeze kompyuta mbali na fotokopi.

Diski ya Nansio. C7 ni hesabu ya data iliyofika ikiwa imevurugika njiani, kati ya diski na kile ilichounganishwa nacho. Haihusu uso wa diski hata kidogo. Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulikosea: kwenye diski ya nje, C7 haihesabu makosa ya waya wa USB. Inahesabu makosa ya kipande kifupi kilicho ndani ya kasha, pale diski inapochomekwa kwenye saketi ndogo ya kasha. Isitoshe, C7 haishuki. Hizo 1,412 huenda zote ni za enzi za laptopu ya zamani, ambayo labda ilikuwa na mkanda uliochoka. Kwa hiyo usihukumu kwa ukubwa wake. Iandike, nakili GB kadhaa, isome tena. Ikiwa imesogea, fungua kasha, chomoa diski, futa vichwa vya dhahabu kwa kitambaa kikavu kisafi, irudishe ikae imara. Ikiendelea kusogea, nunua kasha jingine. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na diski.

Kujitoa katikati ya kunakili ni jambo jingine, na mara nyingi ni njaa ya umeme. Tundu la USB la zamani lina kikomo cha miliampia 500, la USB 3.0 ni 900, na diski ikianza kuzunguka inaweza kuhitaji zaidi ya hiyo ya kwanza. Chomeka nyuma ya kompyuta badala ya mbele, tumia waya mfupi, usipitishe kwenye kigawanyio kisicho na umeme wake. Ukitaka uhakika, fungua Event Viewer ya Windows, upande wa System, utafute chanzo kinachoitwa disk. Tukio namba 7 linasema wazi kuna sekta mbovu. Namba 153 linasema ombi lilibidi lirudiwe. Namba 11 linasema kidhibiti kilikosea. Ukikuta 11 nyingi na 7 hakuna kabisa, angalia waya na kasha kwanza. Ukikuta 7, rudi kwenye habari ya C5.

Na safari yenyewe: mwambie shemeji asiichomoe ikiwa bado inazunguka. Aiondoe kwanza kwenye Windows, asubiri sekunde chache isimame, ndipo aiweke mfukoni. Diski iliyosimama imeegesha vichwa vyake pembeni, itapanda bodaboda na meli bila shida. Inayozunguka, hata kuangushwa kutoka mezani hadi sakafuni kunaweza kuwa mwisho wake.

Sasa hela yako. Nunua diski moja, na nunua kabla ya kipimo, maana utaihitaji kwa vyovyote. Leo hesabu za kikundi ziko mahali pamoja, na hilo ni tatizo hata kama diski ingekuwa na buluu safi. Ikiwa ile ya zamani itafaulu kuandikwa upya, irudi kwenye kompyuta na mpya iwe ya nakala, ikae nyumbani, si dukani. Ikishindwa, mpya iingie kwenye kompyuta, na nakala iende kwenye ile ya Nansio baada ya kuipatia kasha.

Ukishawishiwa kuchukua SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) kwa ajili ya kompyuta, ni ushauri mzuri kwa kasi, kwani haina kichwa cha kugonga wala sahani ya kukwaruzika. Ila mistari yake ni tofauti na hii niliyoeleza, nayo ikifa mara nyingi hufa kimya, asubuhi kompyuta haiioni kabisa. Nakala haikwepeki. Vivyo hivyo kwa stabilaiza ambayo naamini fundi mmoja atakutajia: inarekebisha umeme unaopanda na kushuka, haishikilii umeme uliokatika. Kinachokupa dakika za kuhifadhi na kuzima ni UPS, hata ndogo.

Ukinunua iliyotumika, na mjini ziko nyingi zilizotoka kwenye laptopu za mtumba, usilipe kabla ya kuona mistari. 09 ni saa ilizofanya kazi. Mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hiyo 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu mfululizo. Saa nazo huweza kufutwa: mwanzoni mwa 2025 iligundulika huko Ulaya kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya, hesabu zake zimerudishwa nyuma. Basi angalia na mwili wake. Skrubu zenye mikwaruzo na vichwa vya dhahabu vyenye alama za kuchomekwa mara nyingi haviendani na diski inayoonyesha imefanya kazi saa 12 tu.

Hata ikiwa mpya ya boksi, siku unayoifikisha nyumbani iandike yote kwa kufomati kamili kabla ya kuiwekea chochote, kisha soma 05, C5 na C6. Zote zinatakiwa kuwa 0. Yoyote ikiwa na namba, irudishe dukani na risiti wakati muda wa kurudisha bado upo. Na namba za daftari lako, za kabla na baada ya kufomati ile ya zamani, nitumie nizione.